Kiwambo cha Kokwa

Mikono ya Bi Hojar ilikuwa myeusi hadi karibu na viwiko, weusi wa maji ya maganda mabichi ya kokwa za mjozi, na kijiji kizima cha Arslanbob hapakuwa na sabuni ya kuung'oa kabla ya theluji. Sanobar, mkaza mwana wake mpya, alipenda kuitazama ikifanya kazi. Kisu kiliizunguka kokwa mara moja tu, ganda la kijani likaachia kama nguo iliyolegezwa kifungo, kokwa ikatumbukia ndooni. Zake Sanobar zilitoka zimebanduka nusunusu, kama mbuzi aliyechunwa na mlevi.

Zikishaoshwa, zilianikwa barazani penye upepo, mbali na jua, maana jua kali hupasua ganda gumu. Siku ya kupima ikifika, Bi Hojar alivunja moja karibu na sikio, akakunja kile kiwambo chembamba kinachotenganisha pande mbili za kiini. Kikikatika kwa mlio, zimekauka. Kikipinda kimya, bado. Majirani hawakufunga magunia yao mpaka wasikie neno lake, na hakuna aliyewahi kufungua gunia akakuta ukungu.

Mwaka huo, siku ya kupima, majirani walikuja kusaidia, mawingu yakiwa yameshika mlima. Bi Risolat, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, alitaka kuelezwa kama bi harusi kaletwa kufanya kazi au kupamba baraza, maana tangu afike hajasikika hata akipiga chafya. Wenzake wakacheka. Sanobar aliinama akamimina chai. Bi harusi wa mwaka wa kwanza husema akisemeshwa, tena kwa sauti ya chini. Kwa wengine desturi hiyo ilikuwa mzigo, kwake ilikuwa kimbilio.

Bi Hojar alivunja kokwa, akakikunja kiwambo sikioni. "Tayari," akasema. "Fungeni."

Sanobar alikuwa amepiga magoti kando yake, birika mkononi. Hakusikia mlio wowote. Alikiona kiwambo kimepinda kama ngozi iliyolowa. Ndipo alipokumbuka jinsi mama mkwe alivyomkazia macho midomoni kila aliposema, naye akidhani anakaguliwa adabu, kumbe macho yalikuwa yakifanya kazi ya masikio.

Magunia yakaanza kujazwa. Akinyamaza, jasho la msimu mzima lingeoza gizani, pamoja na jina la Bi Hojar. Akisema, jina lingeoza papo hapo, mbele ya Risolat.

Aliweka birika chini. Akakichukua kile kiwambo, akakitia kati ya vidole vya mama mkwe na kuvibana taratibu. Vidole vyeusi vikatulia. Kisha vikakikunja vyenyewe, mara ya pili, polepole. Bi Hojar akainua macho, na kwa kitambo yalikuwa macho ya mtu aliyekutwa akilia.

"Mkaza mwana ana neno," akasema. "Liseme kwa sauti, mwanangu. Wote walisikie."

"Bado, Mama." Sauti ilifika hadi ukutani. "Tungoje kidogo."

"Kumbe ulimi anao," alisema Risolat. "Na siku ya kwanza kuutumia, anatuzuia kwenda makwetu." Hata hivyo akalimwaga gunia lake barazani, akaanza kuzitandaza kokwa upya.

Mawingu yalipita bila kunyesha, upepo mkavu ukafuata, na baada ya siku chache majirani wakarudi. Bi Hojar akavunja kokwa. Mkono ukaanza safari yake ya siku zote kuelekea sikioni, ukasita njiani, ukageuka, ukaja kusimama kando ya shungi la Sanobar, penye sikio. Hakuna aliyecheka. Hata Risolat alishusha bakuli lake la chai bila kuligonga.

Sanobar akafumba macho, na vidole vyeusi vikaanza kukunja.