Mfuko wa Shati la Julien

Shati lilikuwa moja tu. Nguo nyingine zote za Julien zilipotea wiki ile watu wa mtaa wa Mabanga walipokimbia vita, na Katungu, mama yake, aliporudi alikuta mlango umevunjwa na kabati limebebwa lote. Shati la shule lilipona kwa sababu lilikuwa kwenye karai, limelowekwa. Mwenye shati alikuwa ameshazikwa. Risasi ilimkuta uani, na hakuna aliyewahi kusema ilitoka kwa nani.

Mwaka tangu vita ile ulipokaribia kutimia, Mama Wivine, kiongozi wa akina mama wa shirika lao pale parokiani, alitoa wazo la blanketi. Kila familia iliyopoteza mtu ingeshona kipande kimoja kutoka kwenye nguo za marehemu wake. Vingeunganishwa vyote ishirini na nne na kutundikwa kanisani siku ya misa ya ukumbusho. Kila kipande kingekuwa na miraba tisa, mitatu kwa mitatu. Mraba wa katikati ungekuwa kitambaa cheupe chenye jina. Minane ya kuuzunguka ingetoka kwenye nguo.

Kazi ya vipimo alipewa Katungu bila mjadala. Alikuwa na diploma ya ushonaji na miaka kumi na tisa ya cherehani, na ulimi wake ulijulikana. Mteja akilalamika gauni linabana, Katungu humwambia gauni liko kama lilivyopimwa, aliyebadilika ni yeye.

Alichukua katoni za sabuni akakata patroni ishirini na nne, vielelezo vya kukatia kitambaa, kila moja sentimita kumi kwa kumi, pembe zake zimenyooka kama za dirisha. Akazigawa baada ya misa. Aliwaambia mshono uwe wa sentimita moja pande zote. Na kwa kuwa wengi wao walikuwa wauzaji wa makaa na wa samaki, si mafundi, akawapa onyo kwa sauti ya darasani: wafuate katoni, mkasi usitoke nje yake hata uzi mmoja.

Nyumbani alilifumua shati la Julien mshono kwa mshono. Kitambaa kilitosha miraba minane kamili. Mraba mmoja ulibeba nusu ya chini ya mfuko, na kwenye pembe ya mfuko kulikuwa na doa la wino, dogo kama harage. Kalamu ya biki ilivuja siku ya mtihani. Katungu alimpiga kofi kwa doa lile, akamwuliza kama anadhani mashati yanaota ziwani. Julien alicheka, akasema mama, sasa utalijua shati langu hata likianikwa na mengine mia.

Mraba ule aliuweka kwenye pembe ya chini kulia, doa likiwa karibu na ukingo kama lilivyokaa kwenye mfuko. Alichora kwa chaki kufuata katoni, kisha akakata nje ya mstari, sentimita moja kila upande. Hakufikiri. Fundi huchora patroni bila nafasi ya mshono na kuiongeza wakati wa kukata, na mkono wake ulikuwa umeongeza hivyo tangu chuo. Akapima, akashona, akapiga pasi, akapima tena. Hakukosea hata milimita.

Jumamosi walikutana kwenye ukumbi wa parokia kuunganisha. Wakatandaza vipande sakafuni, na Mama Wivine akasimama mikono kiunoni.

"Mama Julien," akasema, "hii yako iko mukubwa."

Katungu alicheka kidogo na kusema labda za wengine ndizo ndogo. Akapiga magoti na rula. Kipande cha kwanza cha wenzake kilikuwa na sentimita ishirini na sita badala ya thelathini na mbili. Cha pili vilevile. Alipofika cha tano alikuwa ameshaelewa kwamba wao, kama alivyowaagiza, hawakuongeza nafasi ya mshono, lakini aliendelea kupima hadi cha ishirini na tatu, kwa sababu akiacha kupima angelazimika kuinua uso.

Alipouinua, alisema alichoweza kusema. Angekata vipande virefu vya kitenge na kuvizungushia vile vidogo ili vifikie kimo. Angevishona yeye mwenyewe, mchana ule ule, vyote.

Aliyejibu ni Donatille, muuza makaa, ambaye kipande chake kilikuwa gauni la kijani la binti yake Nishimwe.

"Wako abakie mzima, wetu uwashonee viraka pembeni?"

Katungu akamwambia hivyo si viraka, ni mpaka tu, hata wazungu huweka.

"Tulikata kama katoni yako," Donatille akasema, taratibu. "Ulituambia hata uzi mumoja tusitoke. Nilikata na miwani ya muzee wangu ili nisikose."

Mama Wivine alisema kwa sauti ya chini kwamba kupunguza kimoja ni rahisi kuliko kuongeza ishirini na tatu, na kama Mama Julien anataka, anaweza kukiondoa, watajaza nafasi kwa kitambaa cheupe.

Nafasi nyeupe, jina la Julien lisitajwe. Katungu alichukua mkasi wake mwenyewe. Alipima sentimita tatu kila upande, akachora kwa chaki, akakata. Upande wa chini ulianguka na pembe ya mfuko. Donatille aliokota ule ukanda wenye doa na kumnyooshea.

"Tupa," Katungu akasema. "Ni mabaki."

Donatille hakutupa. Aliukunja akauingiza ndani ya kikapu cha Katungu, na Katungu hakumshukuru.

Jumapili blanketi lilining'inia kando ya altare. Miraba yote ilifuatana sawasawa, ila kwenye kipande kimoja chini kushoto, ambako mraba wa katikati ulionekana mkubwa na ya pembeni imekonda, mfuko umekatwa kama mdomo usiomaliza neno. Baada ya misa Mama Léonie, mgeni kutoka Himbi, mwenye warsha ya ushonaji, alipita akilikagua kwa mikono nyuma. Alisifu kila kitu. Akasimama pale chini.

"Hii moja, mwenye kuishona alikuwa na haraka. Ni ya nani?"

Donatille alikuwa karibu. Alifungua mdomo, akautazama uso wa Katungu, akaufunga.

"Ni yangu," Katungu akasema.

Mama Léonie alimshika bega, akamweleza kwa upole kwamba kupima si jambo gumu, mtu hufundishwa tu. Akitaka, aje kwenye warsha, siku za Jumanne wanawapokea wanaoanza.

Katungu alisema atakuja.