Gitaa la Wifi

Njia nzima kuelekea karakana, mwalimu wa gitaa alikuwa akitafuta maneno ya kumpoza wifi yake. Dada huyo wa mumewe alikuwa fundi wa makabati, hodari hasa, lakini sasa alikuwa ameunda gitaa lake la kwanza, na gitaa si kabati. Magitaa ya kwanza ya mafundi aliyojua yeye yalikuwa bubu, na ukweli kwa wifi ni kaa la moto: ukilitupa ovyo, utaunguza ukoo mzima.

"Usinionee haya," wifi alimwambia, akipangusa vumbi la mbao kwenye kigoda. "Ukilisifu na halifai, nitakutania mpaka uzeeke."

"Utanitania hata nikisema kweli."

"Hiyo ni haki yangu!"

Gitaa lilikuwa jepesi kama kikapu kitupu. Mwalimu alifumba jicho moja akaichungulia shingo; imenyooka. Akapitisha kiganja pembeni mwa vile vyuma vyembamba vya shingoni; hakuna kilichomkwaruza. Lakini alipobana noti za juu, uso ulimkunjamana.

"Nyuzi zimeinuka mno. Mkono utachoka kabla wimbo haujakolea."

Wifi hakununa. Alizilegeza nyuzi, akachomoa kile kipande cha mfupa kinachozibeba, akakisugua kwa msasa, akakipima kwa jicho, akasugua tena, kisha akakirudisha.

"Haya, jaribu."

Mwalimu alizikaza nyuzi, akazipatanisha, akapiga uzi ule mnene kuliko wote. Mara moja tu, taratibu.

Sauti ilianzia pajani mwake kabla ya kufika sikioni. Ikapanda kifuani, ikatulia humo. Akangoja iishe; haikuwa na haraka. Akapiga nyuzi kadhaa kwa pamoja, akaisikia kila moja peke yake, kama watu wenye adabu wanaozungumza bila kukatizana. Akaugusa ule mwembamba, kidogo kuliko kunong'ona, nao ukaitika.

Ndipo akapiga wimbo mzima, wa taratibu, ambao alikuwa amewafundisha wanafunzi hadi akauchoka. Katikati yake akasikia sauti ya tatu ikijipenyeza kati ya ile ya juu na ile ya chini. Vidole vyake vilikuwa vikiipiga miaka yote. Masikio yake hayakuwahi kuipata. Karibu akosee.

Alipomaliza, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kiatu mguu mmoja tu. Siku zote kazi yake humo ilikuwa kulalamikia vumbi.

"Mbona unaacha?" aliuliza.



"Haya, hakimu," wifi alisema. "Toa hukumu."

"Wifi yangu, umefanya nini humu ndani?"

"Sijui." Wifi aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Walahi sijui. Nilikuwa nasikiliza mbao tu, nikipunguza pale ziliponikatalia."

Wifi akaketi sakafuni, palepale kwenye maranda, akamvuta mama yake akae naye.

"Piga tena," alisema.

Akapiga.