Asma Hayumo

Serikali ilileta unga na sukari za uji wa watoto. Kuni na mikono ya kupikia vilikuwa juu ya wazee wa watoto, na hapo ndipo mambo yalipokwama katika skuli yao kule Kiuyu. Wanawake walipeana visingizio mpaka Bi Ghania, mjumbe wa kamati ya chakula, akasema kikaoni: "Asiyeleta kuni, mwanawe asipewe uji. Aliyezaa na awajibike." Watu wakaafiki. Wiki haikwisha kuni zikajaa hadi barazani, naye akajiona amefanya la maana.

Jumatatu moja zamu ya kugawa ikamwangukia. Akateka upawa baada ya upawa mpaka mbele yake akasimama Asma, mtoto wa Mize, wa darasa la pili. Hakuwa na kikombe. Aliinamia sufuria, akavuta mvuke kwa pua, kisha akajitoa kwenye foleni bila kuambiwa.

"Unakwenda wapi?" Bi Ghania akamuuliza.

"Mimi simo, Bi. Huja kunusa tu."

Mwalimu Conchesta, aliyekuwa akisimamia foleni, akasema kwa sauti ya chini, "Mama yake hajaleta kuni. Kila siku hupanga foleni. Ikifika saa nne analala darasani. Nilidhani kamati inajua."

Baada ya sala ya adhuhuri Bi Ghania alikwenda kwa Mize. Njia nzima aliomba moyoni amkute mgonjwa. Akamkuta amejilaza mkekani, macho yapo darini. Uani Asma alikuwa akitafuna kipande cha muhogo mbichi.

"Shikamoo, Bi Ghania. Karibu."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Au kuni hazipatikani?"

"Zipo tele bondeni." Mize akajiinua, akakaa. "Tangu baba Asma aondoke, kila nikiamka nasema leo ntakwenda. Jua linapanda, sijenda. Sina udhuru wa kukupa."

Bi Ghania alikuwa na maneno makali tayari ulimini. Akaaga. Alirudi kwake akiwa na hasira, na hakujua vizuri amemkasirikia nani. Angekuta homa angesamehe papo hapo na kujisifu kwa huruma yake. Amekuta uvivu, au kitu kinachofanana na uvivu, na mtoto ana njaa ileile.

Kikao cha Alhamisi akaomba kusema.

"Ile kanuni ya kuni tuifute."

Mzee Nyange, mwenyekiti, akamtazama. "Si wewe uliyeileta?"

"Ni mimi. Nilikosea."

"Kuni zitatuishia. Na Mize ni mvivu, nani asiyejua?"

"Huenda ni mvivu. Nimekwenda mwenyewe, hakunificha. Lakini anayeshinda na njaa si Mize, Mzee wangu. Ni mtoto wa miaka minane, na aliyemnyima ni mimi."

"Haya, na hizo kuni?"

"Za Mize nitaleta mimi mpaka muhula uishe."

Watatu wakakubali, wawili wakakataa. Kesho yake Bi Ghania akamkabidhi Asma kikombe kilichojaa uji. Mtoto hakukipokea mara moja.

"Mama kaleta kuni?"

"Hajaleta. Huu ni wako wewe."

Asma akanywa, akapumzika, akanywa tena, halafu akafuta ukingo kwa kidole na kukilamba.

Ni kweli kuni zilipungua, na Mzee Nyange hakuacha kumkumbusha. Kila Jumamosi Bi Ghania alishuka bondeni na panga lake, mgongo ukimuuma. Jumamosi ya tatu akamkuta Mize huko, kajifunga kanga kiunoni, anakusanya vijiti. Walisalimiana, wakafanya kazi, wakapanda pamoja bila ya maneno mengi. Wiki iliyofuata Mize hakutokea. Bi Ghania akampitia nyumbani, akamgongea mlango, akakaa kizingitini kumngojea. Mize akatoka akifunga kanga njiani.

Karibu na mwisho wa muhula Mwalimu Conchesta alimsimamisha Bi Ghania langoni.

"Huyu Asma wenu amenishinda. Halali tena. Anazungumza tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho, na jana nimemhamisha deski mara mbili."

"Anasema nini?"

"Kila kitu. Mdomo haufungi."

"Basi mvumilie, Mwalimu," Bi Ghania akasema, na kicheko kikamtoka.