Korongo wa Pili

...eti mwizi, Mwalimu kanichora mwizi katika hadithi yake ya katuni, na mimi msaidizi wake nywele za huyo mwizi nimezipaka wino kwa mkono wangu mwenyewe kama mjinga, kurasa tatu nzima nampendezesha msichana wa watu, mpaka nilipokiona kidoti shingoni, kidoti changu hiki, ndipo nikamuuliza Mwalimu, naye hakuinua hata uso, "Nimebadilisha kidogo tu, Fumie, inanoga zaidi akiwa kaiba kweli," inanoga, mimi nilimsimulia kwa imani, tunakula tambi, jambo ambalo kwa miaka ishirini sijamwambia mtu... "Bado?" Mwalimu anauliza sasa, na Hatano mhariri wa gazeti, aliyekuja kuchukua kurasa, anacheka pale mlangoni na kikombe chake, "Taratibu dada, ila wasomaji wana hamu, wanataka kumwona huyo maskini akiumbuka," akiumbuka, ona anavyolitamka kwa raha, angekuwepo siku ile katika chumba cha chai cha shule, kwenye mikeka aliyoishona baba yangu mimi, nasomeshwa kwa ufadhili, na mbele yangu Tsugumi, mjukuu wa mwenye jina lililoandikwa juu ya maktaba, tunacheza karata za maua, atakayeshindwa aandike barua ya kuacha shule, na nilikuwa nashinda, korongo, ile karata yenye picha yake, nimeshamlaza mezani, wenzetu wote wanamwona, mara korongo wa pili huyo, kaanguka karibu na goti langu, na korongo ni mmoja tu katika karata arobaini na nane, nilimwona akitoka kwenye mkono wa sare ya Tsugumi, wallahi nilimwona, lakini yeye akaniambia kwa upole, "Umeiba, Fumie, usijali, hatutawaambia walimu, wewe andika tu barua," ule upole ndio ninaouchukia mpaka leo, nikaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, na baba akaikunja sare akairudisha kwenye boksi lake, bora angenipiga... "Karata umalizie wewe," Mwalimu anasema, "maua yako siyawezi," kama kawaida yake, miaka sita hajawahi kuzitazama tena nikishazichora, wanaozitazama ni wasomaji, wanazihesabu moja moja, mwaka jana nilikosea ua moja la mcheri zikaja barua arobaini za kunisuta... arobaini, kwa ua... ngoja, ngoja kwanza, ukurasa uliotangulia, Tsugumi kachorwa kwa nyuma, karata zake nane zinaonekana zote, na zote bado nyeupe, na mezani korongo wangu tayari yupo, kakauka wino, sasa huyu korongo wa pili nikimweka mkononi mwake mapema, kabla hajaanguka, Mwalimu aandike maneno anayotaka, waniite mwizi ukurasa mzima, kila mwenye macho atajua alikotoka... "Fumie, mgeni anaondoka." "Bado kidogo, Mwalimu," nasema, brashi naiweka chini, nachukua kalamu nyembamba, karata ya tatu kutoka kushoto, naanza na mdomo wa korongo.