Mnadi na Mbwa Wake

Mnadi yule alikula kwa mdomo wake. Alikuwa na uwezo wa kukuuzia kabati lenye mlango mmoja, ukaondoka ukiamini milango miwili ni ushamba. Kiharusi kilipompiga, mkono na mguu vilirudi taratibu, ila maneno yakagoma. Si kwamba yalikwisha, yalikuja yasiyoitwa. Akitaka maji, mdomo unasema kiatu.

Nyumbani walimpenda, na mapenzi hayo ndiyo yakawa mzigo. Mkewe, msusi mwenye saluni kwenye chumba cha mbele, alimmalizia kila sentensi. Binti yao alimsemesha polepole kwa sauti kubwa, kana kwamba baba amekuwa kiziwi. Wenzake wa mnadani walikuja kumjulia hali, wakachekacheka, wakatazama saa. Mwishowe akaona heri anyamaze.

Lakini kwa Bosi hakunyamaza. Bosi alikuwa mbwa wao wa kahawia, sikio moja limesimama, jingine limelala. Asubuhi moja msusi alitoka nyuma ya nyumba kuanua taulo za saluni, akamsikia mumewe upande wa pili wa kamba.

"Kijiko, twende," mnadi alisema kwa uchangamfu, na Bosi akatangulia getini. Njiani mbwa akaikamata taulo iliyoning'inia. "Jumanne wewe!" Sauti ilikuwa kali, na taulo ikaachiwa papo hapo. Kisha mnadi akaketi, akamsimulia mbwa habari ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Bosi aliinamisha kichwa, akamkodolea macho usoni, hana haraka ya kwenda popote.

Msusi akaona haya. Tangu mumewe atoke hospitali, yeye hajawahi kumsikiliza hivyo. Akaja akaketi kizingitini. Mnadi akaikatiza habari yake.

"Endelea, mume wangu," alimwambia. "Na mimi nasikiliza."

Mnadi akasitasita, kisha akaendelea. Yalitoka misumari, pilipili na treni, lakini sauti ilitetemeka, ikashuka, halafu ikatulia. Msusi alimwacha afike mwisho. Ndipo akamwuliza kama anasimulia ile siku ya hospitali, alipozinduka akamkuta mkewe kitini kando ya kitanda. Mnadi akaitikia kwa kichwa huku machozi yakimtiririka, akaushika mkono wa mkewe.

Kuanzia hapo mambo yakabadilika nyumbani. Binti alishusha sauti. Hakuna aliyemmalizia mzee maneno. Walimtazama usoni, wakasubiri, na wakikosea waliuliza tena. Mwalimu wa hospitali aliyemfundisha kusema aliwaonya kwamba mengine huenda yasirudi kamwe, nao wakalipokea hilo.

Neno la kwanza kurudi likiwa zima, mahali pake, lilikuwa "asante." Alimwambia Bosi, aliyekuwa amemletea kandambili.

"Miaka yote hii nampikia," msusi aliwaambia wateja wake, "kaanza na mbwa!" Akacheka mpaka kitana kikamponyoka. Alipokiokota alikuwa akifuta macho, na mteja aliyekuwa kitini akamwacha ajifute kwanza, nywele zingesubiri.