Taa Sita za Shamsudin

Shamsudin alitamani sana kuubeba mzigo wa Bi Batuli, mfanyabiashara wa mchele wa Madibira. Ili amvutie, alilipeleka lori lake kuukuu gereji ya Ipogolo likafungwe taa sita za ziada.

“Tubadilishe nyaya kwanza, mzee,” fundi Ambokile alimsihi. “Hizi zimechoka.”

“Nani hufungua boneti kutazama nyaya? Watu hutazama taa!”

Fyuzi ya kuzilinda nyaya ilipoungua tena na tena, Shamsudin aliizungushia karatasi ya kung’aa ya pakiti ya sigara. Haikuungua tena, naye akajiona mhandisi.

Alipofika Madibira, aliziwasha taa zote mchana kweupe, mbele ya ghala la Bi Batuli, akatabasamu kama bwana harusi. Punde moshi ulichomoza chini ya dashibodi, naye akaufuata nje mbiombio, kofia mkononi.

“Zima taa, baba!” wapakiaji walimcheka.

“Swichi inaunguza!” Shamsudin alilalama.

Walipomaliza kuuzima moto kwa mchanga, Bi Batuli aliwaamuru wapakie magunia yake kwenye lori la jirani, lenye taa mbili tu.

“Hitilafu ndogo tu, Bi mkubwa,” Shamsudin alijitetea.

“Najua, mwanangu. Ila mchele wangu napenda uivie jikoni.”