Sungura wa Wifi

Bi Mkaguzi alipewa jina hilo treni ilipokuwa bado inatembea, enzi hizo akipita behewa kwa behewa kudai tiketi kwa sauti iliyowaamsha hata waliojifanya wamelala. Treni ikafa, kiinua mgongo kikaisha, sauti ikabaki. Na sauti isiyo na kazi, jamani, ni balaa. Ndiyo maana alipoombwa aje kusaidia kwenye bustani ya kujitolea, nyuma ya karakana kuukuu ya reli, hakushika jembe. Alishika lango.

Bustani ile ililimwa na wastaafu, wajane na watu wa vibarua vya hapa na pale, kila mmoja kwa hiari yake. Mchicha, kabichi, karoti na nyanya zilizovunwa Jumamosi zilipelekwa kwenye ghala la chakula lililokuwa mtaa huohuo, ambako wasio na kitu walipanga foleni dirishani na kupewa fungu lao. Mwanzoni mambo yalikwenda shaghalabaghala. Walimaji wenyewe walijichagulia nyanya nzuri, dirishani zikawa zinafika zilizopondeka. Bi Mkaguzi akaja juu: anayelima hapa haondoki na hata jani, na kila anayetoka afungue mkoba wake langoni. Kinyozi, aliyekuwa msimamizi wa bustani, alimsihi aende polepole, watu wasije wakaona wanafanywa wezi.

"Ambaye hakuchukua kitu anaogopa nini?" akamkata kauli. Hoja ikapita, maana nani alikuwa na nguvu za kubishana naye?

Wa kwanza kufungua mkoba alikuwa wifi yake, tena akicheka. Hao wawili walikuwa chanda na pete. Kaka yake Bi Mkaguzi alipomwoa huyo mama, watu walikaa mkao wa kula wakisubiri ugomvi wa mawifi, wakasubiri mpaka wakachoka. Kaka akafariki, wao wakazidi kushibana. Wifi alikuwa dobi wa hoteli, na akianza kujisifu kuhusu shuka zake usiombe ukae karibu: zilinyooka mpaka wageni waliona haya kuzilalia, alisema. Kisha hoteli ikafungwa. Mwanawe wa pekee alikuwa ameenda nchi za watu kutafuta maisha, akipiga simu mara kwa mara na kutuma kitu mara mojamoja.

Wifi akaanza kukonda. Gauni lake la maua, lililokuwa limemkaa kama ameshonewa mwilini, likawa linaning'inia mabegani. "Daktari kaniambia nipunguze mwili," alisema, na Bi Mkaguzi akalimeza hilo bila kulitafuna. Miaka yote ile kwenye treni ilimfundisha uso wa abiria asiye na tiketi unavyokuwa. Kwa wifi yake hakutaka kuujua, basi.

Jumamosi moja, mavuno yakiwa yameshapakiwa kwenye mkokoteni, watu walijipanga langoni kutoka. Zamu ya wifi ikafika. Siku hiyo hakucheka. Alifungua mkoba nusu, na Bi Mkaguzi, kwa mazoea ya kazi tu, akaufungua nusu iliyobaki. Chini ya khanga iliyokunjwa yalikuwepo majani ya nje ya kabichi, yale yenye matundu ya wadudu na njano pembeni, ambayo hubanduliwa na kutupwa kwenye lundo la mboji.

"Ya nini haya?"

"Ya sungura," wifi akajibu kwa sauti ya chini.

"Sungura? Tangu lini?"

"Nimeanza kufuga."

Bi Mkaguzi aliujua uwanja wa wifi yake kama kiganja cha mkono wake. Hapakuwa na hata kuku. Angeweza kusema "haya, pita," na mambo yakaishia pale. Lakini watu walikuwa wamesimama wanasikiliza, na ulimi wake ulishazoea kuwa na hadhira.

"Basi waambie hao sungura wako wapange foleni dirishani kama wenzao!"

Watu wakaangua kicheko. Wifi naye akatabasamu kidogo, kama anayelipia kicheko cha wengine. Akarudi mpaka kwenye lundo, akayamwaga majani, akaukung'uta mkoba, akaukunja vizuri pembe kwa pembe kama alivyokuwa akikunja shuka, akaubana kwapani. "Haya wifi, tutaonana," akasema, akapita. Majani yale yalikuwa takataka, yangeoza palepale. Bi Mkaguzi alijua hilo wakati huohuo, na bado akageukia mkoba uliofuata.

Jumamosi iliyofuata wifi hakuja. Wala ile nyingine. Simu iliita mpaka ikachoka yenyewe. Dirishani hawezi kwenda, Bi Mkaguzi alijiambia, na moyo ukampasuka: waliogawa mafungu dirishani walikuwa walewale waliocheka langoni. Kwa neno moja alikuwa amemfungia milango yote miwili. Akapiga moyo konde, akaenda kumtembelea.

Wifi alimkaribisha uwanjani, si ndani. Na pale uwanjani, ukutani karibu na kamba ya nguo, palikuwa na banda la sungura.

Bi Mkaguzi alilitazama mpaka macho yakamwasha. Lilikuwa banda la kweli: mbao za kitanda cha zamani, wavu wa waya, mlango mdogo wenye kitasa cha msumari uliopindwa. Ndani mlikuwa na bakuli la maji na nyasi kavu zilizotandikwa sawasawa. Nyasi hazikuwa zimelaliwa na kitu. Hapakuwa na kinyesi, wala unyoya. Ungesema ni kitanda cha hoteli kinachosubiri mgeni.

"Wako wapi?" akauliza, na papo hapo akauma ulimi.

"Wanajificha. Hawapendi watu." Wifi alikuwa akimtazama usoni, macho makavu. Mikononi alikuwa na alama za nyundo, vidole viwili vimevimba.

Bi Mkaguzi alikuja na maneno yake yamepangwa: nisamehe wifi, nilikosea, mdomo wangu huu utaniua. Sasa akaona hayafai. Kuomba msamaha kungekuwa kusema kwamba sungura hawapo, na mama huyu alikuwa amevunja kitanda cha ndoa yake ili wawepo. Akauliza tu kama amekula.

"Nimeshiba, wifi. Asante."

Ndipo aliyekuwa akikagua watu akaanza kuiba. Maana mkoba wa mkaguzi nani anaukagua? Jumamosi iliyofuata, wenzake walipokuwa wakiosha karoti, alitia kabichi zima mkobani, lililojaa, la kuuzia sokoni, akawafungulia wengine mikoba yao bila hata haya, kisha akatoka na wake umefungwa. Kijasho chembamba kilimtoka mpaka alipofika kwa wifi. Hakubisha hodi. Alifungua mlango wa banda, akaliweka kabichi juu ya nyasi, akaondoka. Pazia la dirisha lilitikisika kidogo, akajifanya hamnazo.

Alipopita tena kabichi halikuwepo, na bakuli lilikuwa limeoshwa. Alilia njia nzima kwa furaha, mtu mzima yule, akijipangusa na pembe ya khanga.

Akaona sasa njia imepatikana. Safari iliyofuata akaongeza mfuko wa unga na mafuta ya kupikia. Aliporudi, karoti na mchicha vilikuwa vimechukuliwa, lakini unga na mafuta vilikuwa palepale, mfuko umefutwa vumbi, umewekwa karibu na mlango wa banda ili mwenyewe auone. Ujumbe aliupata. Sungura hali unga. Alijaribu maharage, yakarudi. Alijaribu mayai, yakarudi, hata moja halijapasuka. Wifi alikuwa amekubali kula, lakini kwa masharti ya mzaha uleule aliofanyiwa, na masharti hayo hakuyalegeza hata siku moja. Majani na karoti. Na mtu, jamani, hajengwi na majani.

"Gonga mlango wake umwambie," Kinyozi alimshauri. Yeye alishaujua wizi ule zamani. Jumamosi moja alikuwa amemwambia Bi Mkaguzi afungue mkoba wake naye, haki iwe kwa wote, na alipoona kabichi ndani akaufunga upesi na kuwaambia wenzake hamna kitu. Baadaye Bi Mkaguzi alipomweleza ni ya nani, akawa anamchagulia mwenyewe karoti kubwa. "Nenda ndani, mwambie kosa ni lako. Mtaliana, yataisha."

"Nitaenda. Acha kwanza apate nguvu kidogo."

Alikuwa akiogopa, huo ndio ukweli. Mwanamke aliyewashusha treni majambazi alikuwa anaogopa mlango wa wifi yake. Kila Jumamosi alisema Jumamosi ijayo. Mvua zikaja, zikanyesha, zikaacha. Nyuma ya pazia alisikia kikohozi, kikavu mwanzoni, kisha kizito, na akaongeza mchicha.

Halafu siku moja akafungua banda akakuta kabichi la wiki iliyopita bado limo. Majani yalikuwa yamenyauka, na sisimizi walikuwa wamejipanga kwenye ukingo wa bakuli. Safari hii alibisha hodi. Alibisha kwa ngumi, kwa viganja, akaita kwa sauti yake yote ya treni mpaka jirani akaja na chuma wakavunja komeo. Wifi alikuwa amelala chini juu ya godoro, kwa kuwa kitanda hakikuwepo, amejifunika shuka iliyonyooshwa vizuri. Alikuwa ameshapoa.

Mwanawe alifika baada ya mazishi, na begi dogo na macho mekundu. Kutwa nzima alipokea pole za watu, na walipoondoka alitoka uwanjani akamkuta shangazi yake amesimama mbele ya banda. Akaja akasimama naye.

"Kwa hiyo ndiyo hili," akasema. "Mama hakuacha kunisimulia. Kila nikipiga simu: usihangaike mwanangu, mimi nafuga sungura, na shangazi yako hajakosa Jumamosi hata moja kuwaletea majani. Basi mimi nikajua nyama ipo, hali si mbaya. Nikawa sina haraka ya kutuma hela." Akainama, akachungulia kupitia wavu. "Shangazi, nani amewachukua? Walikuwa wangapi?"

Bi Mkaguzi alishika ubao wa banda. Akajibu kwa sauti ya chini.

"Alikuwa mmoja, mwanangu. Mmoja tu. Na mimi ndiye niliyemcheka langoni."